Tunajaza alama za NAS kila siku, lakini zamu bado zinapangwa kwa kuhesabu vitanda

Wadau, hasa wauguzi wenzangu wa wodi za wagonjwa mahututi, naomba mnivumilie, maana jambo hili limetufika shingoni. Kila siku tunajaza kipimo cha NAS (Nursing Activities Score, yaani alama zinazoonyesha mgonjwa anahitaji kazi kiasi gani ya uuguzi) kwa kila mgonjwa, vipengele 23 bila kuruka hata kimoja, na fomu zinapelekwa ofisini. Kisha ratiba ya zamu inatoka ileile: muuguzi mmoja kwa vitanda viwili, awe mgonjwa anayesubiri kuhamishiwa wodi ya kawaida, awe aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia na ya kusafisha damu kwa wakati mmoja.

Kipimo hiki hakikubuniwa ili kutuongezea karatasi. Vipimo vya zamani vya TISS (Therapeutic Intervention Scoring System), vilivyoanza mwaka 1974, vilihesabu matibabu anayopewa mgonjwa, na kazi ya muuguzi ikakisiwa kutokana na hayo. Mtafiti Dinis Reis Miranda na wenzake walipochapisha NAS mwaka 2003, walionyesha kwamba inaeleza asilimia 81 ya muda wa uuguzi, ilhali TISS-28, toleo la TISS lenye vipengele 28, ilieleza asilimia 43 tu, kwa sababu NAS inahesabu pia kuosha mgonjwa, kumgeuza, kuzungumza na ndugu zake na kuandika kumbukumbu.

Chukueni kugeuza peke yake. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi, mwenye mrija kooni, hageuzwi na mtu mmoja: wa kwanza anashika kichwa na mrija usichomoke, wa pili anavuta shuka, wa tatu anachunga mipira ya dawa na katheta visinaswe kwenye kingo za kitanda. Kama zamu ina wauguzi wanne, wagonjwa wengine wote wakati huo wanaangaliwa na mmoja. NAS inaipa kazi ya kugeuza inayohitaji watu watatu alama 17.0, na kuwahudumia ndugu kwa takriban saa tatu au zaidi katika zamu moja alama 32.0. Ndiyo, 32.0, karibu theluthi ya muuguzi mzima, ingawa kwa ofisi yetu hiyo ni kupiga soga na familia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Alama 100 ni kazi ya muuguzi mmoja kwa saa 24, yaani nafasi moja inayopaswa kuwa na mtu katika kila zamu. Wodi yenye wagonjwa 8 wenye wastani wa alama 75 ina jumla ya 600, kwa hiyo inahitaji wauguzi sita kila zamu. Kwa kuhesabu vitanda inapewa wanne. Pengo la hao wawili halionekani kwenye ripoti yoyote, kwa kuwa linazibwa kwa kuchelewesha: aliyestahili kugeuzwa saa nane usiku anageuzwa saa kumi, kinywa kinasafishwa mara moja badala ya mbili, na makabidhiano ya zamu yanafanywa huku mtu amesimama mlangoni.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba alama zikishuka zinasomwa upesi mno, na asubuhi hiyohiyo mwenzetu anaondolewa kwenda kuziba pengo kwingine. Zikipanda, tunaambiwa tusubiri wastani wa mwezi. Katika wastani huo, usiku uliopokea wagonjwa wapya watatu unafunikwa na Jumapili iliyotulia, na wodi inaandikwa kuwa inajitosheleza.

Halafu tunaambiwa tumeongezewa mtu mmoja, kana kwamba nafasi imejazwa. Mwaka una saa 8,760. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hafikishi zaidi ya 2,080, na hapo hajaenda likizo, hajaugua wala hajahudhuria mafunzo. Mtu mmoja ni chini ya robo ya nafasi.

Nakubali kwamba NAS ina upungufu, kwa mfano haitofautishi muuguzi mzoefu na aliyeanza juzi, lakini idadi ya vitanda nayo haimtofautishi.

Kama kuna wodi ambako alama hizi zimewahi kuongeza hata muuguzi mmoja kwenye zamu, naomba mtueleze ilikuwaje: nani aliidhinisha, ilichukua muda gani, na fedha zilitoka fungu lipi.