MREJESHO: Chakula cha jioni na malazi ya watu wawili Beaune, Ufaransa

Niliuliza wawili wanaofika Beaune Jumapili jioni wale na kulala wapi bila kwenda hotelini. Asanteni, jibu lililofaa ni chambre d'hôtes: nyumba ya mtu yenye vyumba vya wageni visivyozidi 5, na kwa sheria kifungua kinywa kimo kwenye bei.

Chakula cha jioni ni suala jingine. Tafuteni palipoandikwa table d'hôtes na mwagize mapema, maana mwenyeji hupika menyu moja tu, kwa wanaolala kwake, na mnakaa meza moja. Msiokula nguruwe semeni wakati wa kuagiza. Vipande vyake huwekwa hata kwenye boeuf bourguignon, mchuzi wa nyama ambao kwa jina ni wa ng'ombe. Na divai imo humo pia.

Msitegemee mgahawa: Jumapili usiku na Jumatatu mingi hufungwa, na siku nyingine jiko hupokea oda kati ya saa 1 na saa 3 usiku hivi. Mkipata ulio wazi, ombeni carafe d'eau, maji ya bure, la sivyo huja chupa ya kulipia. Nyama ikiagizwa à point, yaani ya kuiva kiasi, huja nyekundu ndani. Mkitaka iive kabisa, semeni bien cuit. Bakshishi ni hiari.

Kodi ya malazi hutozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, mara nyingi juu ya bei ya chumba.