Je, wingi wa watu ndio unaoeleza kwa nini Komoro ina kipato kidogo kuliko Morisi na Shelisheli?

Swali

Ndugu wadau, nimekuwa nikilinganisha takwimu za nchi za visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Morisi ilipata uhuru mwaka 1968, Komoro mwaka 1975 na Shelisheli mwaka 1976. Leo pato la kila mtu Morisi na Shelisheli limevuka dola 10,000 kwa mwaka, ilhali Komoro halijafika dola 2,000. Je, sababu ni wingi wa watu katika ardhi ndogo? Na je, ni haki kuilinganisha Komoro na Shelisheli, yenye watu wapatao 120,000 tu?

Jibu la kwanza

Ulinganisho na Shelisheli hautufikishi mbali, kwa kuwa idadi ya watu wake haifikii hata ile ya Nzwani, kisiwa kimoja tu cha Komoro, na mapato ya utalii na ya samaki jodari wanaosindikwa Victoria, mji mkuu wake, hugawanywa kwa watu wachache sana. Kipimo kinachofaa ni Morisi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 2,040, na Komoro, bila kuhesabu Mayotte (kisiwa jirani kilichobaki chini ya Ufaransa), ni 1,861. Tena Morisi ndiyo yenye msongamano mkubwa zaidi, zaidi ya watu 600 kwa kilomita ya mraba. Kwa hiyo msongamano peke yake hauelezi umaskini.

Kinachoeleza zaidi, kwa maoni yangu, ni umri wa wananchi. Mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade aliitazama Morisi kwa hofu kubwa, kwa sababu watu waliongezeka upesi na uchumi ulitegemea miwa karibu pekee. Baadaye uzazi ulishuka haraka, na sheria ya mwaka 1970 ya viwanda vinavyozalisha kwa ajili ya kuuza nje ikafungua ajira katika ushonaji wa nguo, wengi wa walioajiriwa wakiwa wanawake. Watoto walipungua wakati uleule mishahara ilipoongezeka, na ndipo familia zikaweza kuweka akiba. Komoro bado mwanamke huzaa kwa wastani watoto wapatao wanne, na karibu nusu ya wananchi hawajatimiza miaka 20, kwa hiyo kila mwenye kipato anabeba wengi.

Jibu la pili

Nakubaliana na hoja ya umri, lakini tusisahau kinachozalishwa. Komoro huuza nje vanila, karafuu na mafuta ya langilangi (maua yanayotumika kutengeneza manukato), na bei za mazao hayo hupangwa mbali na mkulima. Madagaska ndiyo mzalishaji mkuu wa vanila duniani, hivyo mavuno yakiwa mengi huko, mkulima wa Ngazidja, kisiwa kikubwa zaidi cha Komoro, huumia. Langilangi nayo ina gharama isiyoonekana katika takwimu za mauzo: maua huchumwa alfajiri na kukenekwa upesi kabla hayajaharibika, na moto chini ya mtambo huwaka saa nyingi kwa kuni, jambo ambalo limechangia kuondoa misitu katika vilima vya Nzwani. Wakati huohuo mchele, chakula cha kila siku, huagizwa kutoka nje.

Siasa pia zina sehemu yake. Serikali ya kwanza ilipinduliwa kabla ya mwezi mmoja wa uhuru kutimia, na mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yakafuatana kwa miaka mingi. Mwaka 1997 visiwa vya Nzwani na Mwali vilitangaza kujitenga. Kiwanda cha nguo hakijengwi mahali ambapo mwekezaji hajui nani atakuwa madarakani mwaka ujao.

Jibu la tatu

Ningependa kuongeza majirani wawili. Madagaska ina ardhi ya takribani kilomita za mraba 587,000, lakini pato la kila mtu huko ni dogo kuliko la Komoro. Kwa hiyo udogo wa nchi nao si jibu.

Mayotte ilibaki chini ya Ufaransa na ikawa mkoa wake kamili mwaka 2011. Pato lake kwa kila mtu ni mara kadhaa ya lile la Komoro, ingawa linategemea sana fedha za serikali ya Paris. Kutoka Nzwani ni mwendo wa kilomita kama 70 za bahari, na tangu viza ilipowekwa mwaka 1995, watu wengi mno wamekufa maji wakivuka kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa. Inaniuma kwamba vifo hivyo havina safu katika majedwali ya uchumi.

Fedha zinazotumwa na Wakomoro walioko Ufaransa nazo ni karibu sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Husemwa kwamba huishia katika anda, ile ndoa kubwa ya Ngazidja, na ni kweli nyingi huenda huko. Lakini michango hiyohiyo hujenga shule, barabara na misikiti vijijini. Ndugu muulizaji, ukitazama pato la ndani pekee utaiona Komoro nusu, kwa sababu sehemu kubwa ya mishahara inayoilisha hulipwa Marseille.