Nukta ya umande: nipige vipi hesabu kabla ya kupaka epoksi tangi la chuma?

FundiRangi_Tanga: Wakuu, habari zenu. Tuna kazi ya kupaka epoksi tangi la maji la chuma, karibu kabisa na bahari. Masharti ya rangi yanataka chuma kizidi nukta ya umande (joto ambalo hewa ikipoa kufikia hapo, unyevu wake huanza kuwa matone ya maji) kwa nyuzi 3 au zaidi. Mimi nina kipimo cha joto na unyevu wa hewa tu. Leo saa 3 asubuhi kimesoma nyuzi 28, unyevu asilimia 85. Naipataje hiyo nukta? Kesho tunataka kuanza alfajiri, kabla ya jua kali.

Bandarini: Ya haraka hii hapa: 100 toa 85 ni 15, gawa kwa 5 unapata 3. Sasa 28 toa 3, nukta ni 25. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 50 usiitumie.

MwlFizikia: Kwa kazi hiyo tumia kanuni ya Magnus, kalkuleta iwe na kitufe cha ln (logi asilia).
G = ln(0.85) + (17.62 × 28) ÷ (243.12 + 28) = 1.657
Nukta = (243.12 × G) ÷ (17.62 − G) = 25.2
Chuma kifike 28.2.

FundiRangi_Tanga: Shukrani mwalimu. Lakini hewa ikiwa 28, chuma si 28 pia?

MwlFizikia: Hapana, na hapo ndipo rangi nyingi zinapoharibikia. Usiku chuma hutoa joto lake kuelekea angani, kikawa baridi kuliko hewa. Chukulia alfajiri hewa ni 25, unyevu 92: nukta ni 23.6. Chuma kikiwa 24 utakiona kikavu, na bado hakifai. Msianze alfajiri. Subirini jua lipige, muanzie upande wa mashariki. Na tangi liwe tupu, maji yaliyolala ndani hukichelewesha chuma kupata joto.

Bandarini: Kupima chuma, kile kipimajoto cha kulenga kwa mbali hudanganya kwenye chuma kitupu kinachong'aa. Tafuta cha sumaku. Ukikosa, bandika utepe mweusi wa umeme, ngoja kidogo, lenga hapo. Ukibandua, safisha gundi kwa thina.

FundiRangi_Tanga: Nimeelewa. Jioni je, tuache saa ngapi?

MwlFizikia: Soma kwenye karatasi ya maelezo ya rangi inachukua muda gani kukauka kwa joto lenu, uhesabu kurudi nyuma kutoka jua linapozama. Epoksi ikikutwa na umande ikiwa mbichi huweka utando mweupe unaonata, na mkono wa pili wa rangi hautashika vizuri juu yake.