Siga mpya: ukivuta moja tu unaweza kuitolea hukumu?

Mleta mada

Wakuu habari. Naongelea siga hapa, zile nene za majani matupu, hazina karatasi wala kichungi. Sio sigara za pakiti, nasema mapema maana kuna watu wataingia na hoja za sigara halafu tupotezane.

Iko hivi. Kuna siga mpya imetoka, tumbaku ya Nicaragua ndani na nje, jina silitaji kwa sababu sitaki uzi ugeuke wa kutetea kampuni au kuponda kampuni. Tulikuwa wanne, boksi moja, saizi ya robusto, inchi 5 kwa ringi 50 (ringi moja ni sehemu ya 64 ya inchi, kwa hiyo 50 ni kama milimita 20 za unene). Tumewasha pamoja, tumemaliza, kila mtu anaongea siga yake. Mmoja kasema pilipili manga tupu mwanzo mpaka mwisho, alivyotoa moshi puani machozi yakamtoka. Wa pili anashangaa, mbona hii laini, mbao na kahawa tu, angeivuta hata asubuhi. Wa tatu kaiacha ikiwa nusu anasema inanuka kama sabuni ya kusafishia choo. Na mimi yangu haikuvutika kabisa, yaani unavuta mashavu yanaingia ndani kama unanyonya maji kwenye mrija ulioziba, nikaichokonoa kwa sindano ndefu kuanzia kichwani (upande wa mdomoni) ikafunguka kidogo, halafu ikaanza kuungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki umechongoka kama mtumbwi.

Hapo ndio ubishi ukaanza. Wenzangu watatu wakatoa hukumu palepale, mbili mbaya moja nzuri. Mimi nikasema hakuna kati yetu anayejua hiyo siga ikoje.

Siga ni mkono wa mtu jamani. Msokotaji anachukua majani ya ndani, kuna ligero linalotoka juu ya mmea lililopigwa jua sana, ni nene, kali, linaungua taratibu. Kuna seco la katikati, lenye harufu. Kuna volado la chini ambalo kazi yake kubwa ni kusaidia moto utembee. Ligero linatakiwa likae katikati ya fungu. Likikaa pembeni moto unakwama upande ule, na mtumbwi wako huo hapo. Majani yakijikunja vibaya ndani hewa haipiti. Kwa hiyo mbili za boksi moja zinaweza kuwa ndugu wa baba mmoja wasiofanana hata kidogo.

Ile harufu ya sabuni nayo ina maelezo, ni amonia. Tumbaku ikilundikwa ichache inatoa amonia, na siga ikitoka ikiwa changa bado inakuwa inaitoa. Ukiiacha itulie inaondoka. Sasa unaihukumuje kwa kitu ambacho kinapita?

Msimamo wangu: siga mpya unavuta tatu, siku tofauti, ndipo unafungua mdomo. Karibuni mbishane, ila kwa hoja.

Mchangiaji wa 1

Napinga. Tena napinga kwa nguvu.

Mkuu unamtetea mtengenezaji kwa makosa ya mtengenezaji. Unasema siga ni mkono wa mtu, sawa, sasa kazi ya kiwanda ni nini kama sio kuhakikisha mikono mia inatoa kitu kimoja? Kuna viwanda vina mashine za kupima mvuto, fungu linawekwa kabla ya kuvalishwa jani la nje, mashine inavuta hewa, isipopita fungu linarudi kwa aliyelifunga. Kwa hiyo ikinifikia iliyoziba, hiyo ndiyo siga yao. Hawakunipa mtihani wa majaribio.

Na hiyo ya "iache itulie" tuliimbiwa sana. Wakongwe wanakumbuka miaka ya 90, kuanzia kama 1992 mpaka 1997 hivi, siga ilipopata umaarufu wa ghafla Marekani, kila mtu akaamka anatengeneza, tumbaku iliyokomaa ikaisha maghalani, zikasokotwa za majani machanga na kufungwa pete (zile lebo za karatasi) za dhahabu. Wavutaji wakaambiwa zipumzisheni. Zikapumzika. Zikaendelea kuwa mbaya. Mwisho soko likazibwaga zote zile. Watu wa wakati ule wangekuwa na msimamo wako wa tatu tatu wangekuwa wanavuta takataka mpaka leo.

Moja inatosha. Ikiniangusha nahamia nyingine, dunia ina siga nyingi kuliko siku zangu za kuvuta.

Mchangiaji wa 2

mie sijui hata mnabishana nini, ya nje nyeusi ni kali ya nje nyeupe ni laini, unaangalia rangi unajua kabla hujawasha

Mchangiaji wa 3

Hapana mkuu hapo juu, hilo limewapoteza wengi. Weusi wa maduro (ndiyo hizo za jani la nje jeusi) unatokana na jani kuchachushwa muda mrefu na kwa joto zaidi, na mara nyingi linakuja na utamutamu. Ukali unakaa ndani, kwenye ligero, limewekwa kiasi gani. Unaweza kukuta nyeusi tii laini kama nini, na ya kahawia ya kawaida ikakukalisha chini.

Nirudi kwa mleta mada. Umesahau kutuambia jambo moja muhimu kuliko yote: hizo siga mlizipata lini na mkaziwasha lini? Unyevu ndio kila kitu. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70, joto nyuzi 18 mpaka 21 hivi. Ikiwa imesafiri, imepita kwenye joto, imepita kwenye ubaridi, inafika imechanganyikiwa. Ikiwa mbichi sana inavimba ndani hewa haipiti (kama yako), ikiwa kavu inaungua haraka na ukali unapanda (kama ya huyo wa pilipili). Boksi jipya mimi naliweka kwenye kasha la kutunzia unyevu wiki tatu, nne, silisogelei. Na joto lisipande, likivuka nyuzi 24 hivi mayai ya wale fukusi wa tumbaku yanaanguliwa, unakuja kukuta vitobo kama vya sindano na ungaunga chini ya boksi. Hapo sio habari ya ladha tena, hapo ni msiba. Hebu weka siga juu ya karatasi nyeupe uigonge kidogo, uone kama inamwaga unga.

Kwa hiyo mimi sipo kwa tatu wala sipo kwa moja. Moja iliyopumzika ina uzito kuliko tatu za siku ya kupokea.

Mchangiaji wa 4

Mimi sijaribu mpya yoyote. Siga ni Cuba, majani ya Pinar del Río, hayo mengine ni mazoezi.

Rais Kennedy wa Marekani mwenyewe aliliona hilo. 1962 kabla hajasaini vikwazo dhidi ya Cuba alimtuma msemaji wake Pierre Salinger amtafutie siga 1,000 aina ya Petit Upmann, jamaa akarudi asubuhi na 1,200, ndipo akasaini. Hakusema ngoja nijaribu mpya.

Mchangiaji wa 1

Mzee wangu hapo juu, hiyo Cohiba ya Cuba mnayoiapia ilianza 1966. Yaani kuna siku nayo ilikuwa siga mpya na kuna mtu aliishika akaitazama kwa mashaka. Halafu baada ya serikali ya Cuba kutaifisha viwanda mwaka 1960 familia nyingi za kazi hiyo ziliondoka na ujuzi wao, zikaenda Jamhuri ya Dominika, Honduras, Nicaragua. Leo hayo majani ya Estelí na Jalapa kule Nicaragua unayoyaita mazoezi yamefundishwa na watu walewale.

Mchangiaji wa 4

Ujuzi unabebeka. Udongo haubebeki.

Mchangiaji wa 5

Naomba kuuliza kama mgeni, msinicheke. Mimi ndio nimeanza na siga yangu ya kwanza kabisa ilikuwa mpya iliyosifiwa sana, nikaivuta yote, mwishoni jasho la baridi, kichwa kinazunguka, nikatapika. Sasa hiyo ni siga mbaya au mimi? Kwa sababu kwa hesabu ya mleta mada natakiwa nirudie mara mbili tena na kusema kweli nikiiona tu tumbo linageuka

Mchangiaji wa 3

Pole sana ndugu. Hiyo ni nikotini, wala sio ubaya wa siga. Siga haivutwi mpaka mapafuni, moshi unakaa mdomoni unatoka, ila nikotini inapita palepale kwenye ngozi ya mdomo, ndio maana mtu anajidanganya hajavuta chochote halafu inampiga. Uliivuta haraka na nina uhakika hukuwa umekula. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha, ikizima washa tena, hakuna anayekufukuza. Ukianza kusikia jasho iweke chini iache ife yenyewe, tafuta kitu cha sukari, kaa penye hewa. Na usirudie ileile. Tafuta laini, nyembamba, fupi.

Mchangiaji wa 6

Sivuti na sina mpango. Nimesoma mpaka hapa nimeona nichangie kimoja tu. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na kutopeleka moshi mapafuni hakukuokoi na saratani ya mdomo, koo na umio. Mleta mada anawaambia watu kabla ya kusema hii mbaya wavute tatu. Yaani kuna kitu mdomo umekikataa, unaulazimisha mara mbili zaidi kwa ajili ya haki ya kampuni. Hiyo haki ya mdomo wako iko wapi?

Mchangiaji wa 2

😂😂 mkuu umetuchapa

Mleta mada

Nimesoma wote. Mchangiaji wa 6 sitabishana na wewe, hilo la madhara ni kweli na mimi sijawahi kumshauri asiyevuta aanze. Na hiyo ya mdomo kukataa imenikaa, kwa hiyo kwa huyu mgeni nafuta kauli, asirudie chochote.

Mchangiaji wa 3, umenikamata. Boksi tulilifungua siku lilipofika. Sikusema kwa sababu nilijua utasema.

Ila kwa Mchangiaji wa 1 bado sijakubali. Wewe unahukumu kiwanda, mimi nahukumu siga. Ukiniuliza kiwanda hiki kina uangalizi nitakujibu hapana, kwa moja tu iliyoziba. Ukiniuliza mchanganyiko wa majani waliouchagua ni mtamu, iliyoziba hainiambii kitu, sijauonja.

Mchangiaji wa 7

Nyie wote mnavuta karatasi. Namaanisha ile pete, lebo. Mtu akishaona pete mpya anavuta na macho, aliyekuja na imani anapata kahawa na ngozi, aliyekuja na ubishi anapata sabuni. Magazeti yanayotoa maksi kwa mia yanavua pete kabla ya kuwapa waonjaji, unadhani kwa nini? Mleta mada hizo zako zilizobaki, mpe mtu mwingine avue pete, achanganye na ile unayoivuta siku zote yenye saizi hiyohiyo, akupe bila kukuambia. Ukiweza kuzitofautisha rudi hapa tuongee habari za moja au tatu.

Mleta mada

Wakuu samahani kwa kupotea, imepita karibu mwezi. Zilizobaki zililala kwenye kasha asilimia 67. Nikafanya kama alivyosema Mchangiaji wa 7, nikapewa mbili, siku mbili tofauti, hazina pete.

Ya kwanza ilianza na pilipili kidogo, ikatulia, theluthi ya pili ikaja mbao na kitu kama kakao kavu, majivu meupe yamekaza hayakudondoka mpaka nusu. Nikasema hii ndiyo mpya, imetengemaa, nikawa tayari natunga maneno ya kuja kumwandikia Mchangiaji wa 1. Ya pili ilipasuka jani la nje karibu na kichwa nilipoikata, ikawa inavutika kwa tabu, ladha bapa, nikasema hii ndiyo ile ninayoizoea, leo imeamka vibaya, hutokea.

Ilikuwa kinyume. Nzuri ndiyo ya zamani yangu. Iliyopasuka ndiyo mpya.

Mchangiaji wa 1

Kwa hiyo mbaya mara mbili, na ya zamani umeitetea ikiwa haipo. "Leo imeamka vibaya, hutokea." 😂 Hayo maneno uliwahi kuyasema kwa ile mpya?

Mleta mada

Ndiyo, uzi mzima huu.

Mchangiaji wa 7

Hapana, hapa ulikuwa unajua jina lake. Kule uliisamehe kwa sababu ulidhani ni yako.

Mchangiaji wa 5

na hiyo iliyopasuka uliimaliza?

Mleta mada

Niliipaka mate nikaimaliza. Imebaki moja, ya tatu. Bado ina pete.