Naomba ushauri: magaidi wa riwaya yangu hawana bomu, wana ndui

Wakuu, heshima kwenu. Naandika riwaya ya kijasusi na nimekwama katikati. Silaha ya magaidi ni kichupa cha virusi vya ndui.

Kwangu ndui inatisha kuliko nyuklia. WHO ilitangaza mwaka 1980 kwamba imetokomezwa duniani, chanjo kwa umma zikasimama, kwa hiyo sisi vijana hatuna kinga. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Leo virusi vinatunzwa rasmi katika maabara mbili tu: Atlanta, Marekani, na Koltsovo, Urusi. Wizi wangu unaanzia Koltsovo kwenye theluji, na sura hiyo siigusi tena, imekaa vizuri.

Shida ni muda. Bomu lina saa, sekunde zinapungua, msomaji anatoka jasho. Aliyeambukizwa ndui anaweza kukaa wiki nzima au hata mbili bila dalili: anakula pilau, anapanda ndege, anacheka na watu. Sasa jasusi wangu amkimbize nani? Nikimtuma atafute waliokaa karibu na mgonjwa, anageuka bwana afya mwenye bastola.

Wapenzi wa riwaya hizi, msomaji amjue mbebaji mapema, au agundue pamoja na jasusi? Na aliyewahi kufanya kazi ya afya uwanja wa ndege anisaidie: abiria akishuka na homa kali, nani anamdaka kwanza? Inbox ipo wazi.