Roosevelt wa mageuzi na Roosevelt wa ubeberu: ni watu wawili au mmoja?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilibishana hadi usiku na rafiki yangu niliyesoma naye, ubishi wenyewe ukiwa juu ya Theodore Roosevelt, rais wa Marekani kuanzia Septemba 1901 hadi Machi 1909. Yeye anamwona ni kiongozi wa kuigwa: alizibana kampuni za ukiritimba, alisimamia chakula salama, alihifadhi misitu. Panama na Ufilipino, anasema, ni doa tu kwenye kanzu nyeupe. Mimi nimekataa. Naona ni kitambaa kile kile kilichofumwa kwa uzi ule ule, na ndiyo sababu nimeileta hapa tuijadili.

Nianze na mwaka 1902. Mwezi Mei wachimbaji wa makaa ya mawe wa Pennsylvania, karibu 140,000, waligoma. Baridi ikakaribia, miji ya mashariki haina makaa ya kupashia nyumba joto. Tarehe 3 Oktoba Roosevelt akawaita wenye migodi pamoja na kiongozi wa chama cha wachimbaji, John Mitchell, wakae chumba kimoja. Rais mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umeumia katika ajali ya gari la farasi mwezi uliotangulia. Wenye migodi wakakataa hata kusemezana na Mitchell. Roosevelt akajiandaa kupeleka jeshi likaichimbe hiyo migodi, nao wakalegea. Ikaundwa tume, wachimbaji wakapata nyongeza ya asilimia 10 na saa za kazi zikashuka kutoka 10 hadi 9. Kumbukeni mwaka 1894 Rais Cleveland alipeleka askari kuvunja mgomo wa reli. Kwa hiyo hili la makaa nampa Roosevelt, tena kwa mikono miwili.

Sasa tuvuke bahari, mwaka huo huo. Marekani ilikuwa imevichukua visiwa vya Ufilipino kutoka kwa Hispania kwa dola milioni 20, kwa mkataba wa Desemba 1898, wakati Wafilipino chini ya Emilio Aguinaldo walishatangaza uhuru wao tangu Juni. Vita vikazuka Februari 1899. Mapema 1902 Jenerali Bell aliwasomba wakulima wa Batangas akawabana ndani ya maeneo ya kambi, na chakula kilichobaki nje kikateketezwa. Kisiwani Samar Jenerali Jacob Smith alikuwa ameamuru auawe kila mtu anayeweza kubeba silaha, na alipoulizwa kuanzia umri gani akasema miaka 10. Mbele ya kamati ya Seneti askari wa Marekani walieleza kwa vinywa vyao kile walichokiita "tiba ya maji": mtu analazwa chali, mdomo unapanuliwa kwa nguvu, anamiminiwa maji mpaka tumbo livimbe, kisha linakandamizwa yatoke, na kazi inaanza upya. Tarehe 4 Julai Roosevelt akatangaza vita vimekwisha. Raia waliokufa kwa vita, njaa na maradhi hukadiriwa kuwa 200,000, na wapo wanaotaja zaidi.

Mtu yule yule anawezaje kuyafanya yote mawili? Jibu langu ni kwamba imani ilikuwa moja. Wanamageuzi wengi wa kizazi kile waliamini serikali yenye nguvu, ikiongozwa na wasomi na wataalamu, inajua kinachowafaa watu kuliko watu wenyewe. Pennsylvania imani hiyo ilizaa tume. Batangas ilizaa kambi.

Anayedhani namwonea Roosevelt peke yake amtazame Albert Beveridge, seneta wa Indiana. Januari 1900 alisimama Seneti akisema Mungu amewaandaa watu wa asili yake kutawala mataifa yasiyojiweza, na kwamba Ufilipino iwe ya Marekani milele. Seneta huyo huyo ndiye aliyeandika kipengele cha ukaguzi wa nyama kilichokuwa sheria Juni 1906, akapeleka muswada wa kuzuia ajira ya watoto, na mwaka 1912 ndiye aliyetoa hotuba kuu ya ufunguzi wa mkutano wa chama kipya cha Roosevelt kule Chicago. Sijaona mahali alipojiona ana sura mbili.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa Morogoro

Mkuu, mada nzito. Mimi nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wangu huniuliza hilo hilo kila tukifika kwenye ubeberu. Lakini hapa umemtwisha mtu mmoja mzigo wa zama zake, tena umeruka mambo. Huyo Jenerali Smith alifikishwa mahakama ya kijeshi, na Roosevelt ndiye aliyemstaafisha kwa lazima. Agosti 1901 meli ya Thomas ilishusha Manila walimu wapatao 500, na wengi wao walikwenda mpaka vijijini kufundisha.

Halafu nadharia yako ya uzi mmoja inakatika mapema. Waliopinga ubeberu walikuwa nani? Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alikuwa mmoja wa vigogo wa Jumuiya ya Kupinga Ubeberu. Huyu ndiye ambaye kampuni yake iliwakabili wafanyakazi wa Homestead mwaka 1892 kwa walinzi wa kukodi wenye bunduki, watu wakafa. Seneta Ben Tillman wa South Carolina naye alipinga kuichukua Ufilipino, na sababu yake ilikuwa kwamba hataki watu weusi zaidi chini ya bendera yake. Kwa hiyo aliyewakandamiza wafanyakazi nyumbani ndiye aliyewatetea Wafilipino, na aliyewatetea wachimbaji ndiye aliyewatawala Wafilipino. Hapo uzi wako uko wapi?

Mchangiaji wa Tanga

Mimi si msomi, nilikuwa baharia, na Panama nimepita mara nne. Meli inaingia kwenye chumba cha maji, milango inafungwa nyuma yako, treni ndogo za umeme zinakushika pembeni kwa nyaya, kisha unaanza kupanda taratibu mpaka uko kwenye ziwa lililo mita 26 juu ya bahari. Mara ya kwanza nilisimama sitahani nikasahau kula. Kabla ya mfereji kufunguliwa Agosti 1914, meli ya kutoka New York kwenda San Francisco ilizunguka Amerika ya Kusini yote. Daktari Gorgas naye alipambana na mbu mpaka homa ya manjano ikakoma huko Panama. Kazi kama hiyo isifutwe kwa neno moja la ubeberu.

Ila nitasema na nilichoambiwa na fundi mmoja wa bandari ya Colón, babu yake alitoka Barbados kuja kuchimba. Wafanyakazi waligawanywa: orodha ya dhahabu na orodha ya fedha. Dhahabu ni Wamarekani weupe, fedha ni watu weusi wa Karibi na wengineo. Madirisha ya kupokelea mshahara mbalimbali, maduka mbalimbali, hata posta kaunta mbalimbali. Wakati wa ujenzi wa Wamarekani walikufa watu 5,609, na wengi ni wale wa fedha. Yule fundi alipolitaja neno "fedha" alilitamka kama sisi tunavyotamka "mkoloni".

Na namna walivyoupata ule ukanda wa mfereji wanaijua wote. Seneti ya Kolombia, iliyokuwa ikiimiliki Panama, ilikataa mkataba wa mfereji Agosti 1903. Tarehe 3 Novemba Panama ikajitenga, manowari ya Marekani ikiwa imeshatia nanga Colón. Mkataba ukasainiwa siku 15 baadaye, na aliyesaini kwa niaba ya Panama alikuwa Mfaransa, Bunau-Varilla. Wajumbe wa Panama walifika Washington wakakuta wino umekauka.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu zangu, mnamjadili kana kwamba ni mtu wa mbali. Roosevelt alishuka hapa Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka madarakani. Akapanda treni ya Uganda, wakamwekea kiti mbele kabisa ya injini atazame wanyama njia nzima. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na hema lake lilipepea bendera ya Marekani. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama wakubwa 512. Shehena nzima ya vielelezo, ukihesabu hadi panya na ndege, ilizidi 11,000, ikapelekwa makumbusho ya Smithsonian.

Mtu wa hifadhi huyo. Nyumbani kwake misitu ilikuwa mali ya umma. Huku kwetu aliandika kwamba nyanda za juu ni nchi ya mzungu kuishi. Wakikuyu na Wamaasai waliokuwa wakiishi hapo hakuona kwamba nao ni umma.

Mleta mada

Mwalimu wa Morogoro, hoja ya Carnegie imenikaa, siwezi kuipuuza. Kupinga ubeberu hakukumfanya mtu kuwa mwema, nakubali. Lakini la "zama zake" sikubali, kwa sababu zama zile zile zilikuwa na watu wengine. Moorfield Storey, wakili wa Boston, aliongoza Jumuiya ya Kupinga Ubeberu kuanzia 1905, na ndiye alikuwa rais wa kwanza wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Jane Addams alifanya kazi na wahamiaji maskini wa Chicago huku akipinga vita vya Ufilipino. Hao walisoma magazeti yale yale aliyosoma Roosevelt. Na Jenerali Smith aliadhibiwa kwa kustaafishwa tu, basi. Machi 1906 majeshi ya Jenerali Leonard Wood wa Marekani yaliwaua Wamoro, Waislamu wa kisiwa cha Jolo kule Ufilipino, mamia kwa mamia pamoja na wanawake na watoto, juu ya mlima wa Bud Dajo. Roosevelt alimtumia Wood telegramu ya pongezi. Sheria ya nyama aliisaini Juni mwaka huo huo.

Kaka wa Mombasa, umenifungulia mlango. Ifuateni safari hiyo mpaka mwisho. Kutoka kwenu alipita Uganda, akashuka na Nile, na Machi 1910 akahutubia Chuo Kikuu cha Cairo akiwaambia Wamisri kwamba kujitawala huchukua vizazi. Wazalendo wakaandamana kumpinga. Mei 31 yuko London, katika ukumbi wa Guildhall, akiwaambia Waingereza waitawale Misri kwa mkono imara au waondoke. Agosti 31 yuko Osawatomie, Kansas, akitoa hotuba ambayo wanamageuzi wa Marekani wanaitaja mpaka leo, kwamba mali ya mtu iko chini ya haki ya jamii kuidhibiti pale ustawi wa umma unapohitaji. Kati ya Guildhall na Osawatomie ni miezi mitatu. Hakubadilika njiani. Alichotaka London na alichotaka Kansas ni dola yenye mkono imara.

Mchangiaji wa Bukavu

Mwongezeni na Rais Woodrow Wilson, msimwache. Mwaka 1913 na 1914 amepitisha benki kuu na sheria ya kuzuia ukiritimba. Desemba 1914 wanamaji wake wanabeba dhahabu ya dola 500,000 kutoka benki ya Haiti kwenda New York, na Julai 1915 wanaiteka nchi yenyewe, wanakaa hadi 1934. Wakulima walikamatwa kujenga barabara bila hiari. Sisi tunaotoka Kongo hatuhitaji kufafanuliwa maana ya barabara za namna hiyo. Charlemagne Péralte aliyeongoza uasi aliuawa 1919, mwili ukafungwa kwenye mlango na kupigwa picha, picha zikasambazwa ili watu waogope. Watu wakaona sura ya Yesu msalabani.

Mchangiaji wa Minneapolis

Kaka mleta mada, nakubaliana nawe nusu. Unazungumza kana kwamba mpaka ulikuwa bahari: ndani mageuzi, nje ubeberu. Haukuwa bahari. Niko Marekani mwaka wa 14, na jambo hili huku linaonekana waziwazi.

Agosti 1906, mji wa Brownsville, Texas, usiku risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Lawama zikawekwa kwa askari weusi wa kambi ya jirani. Wote wakasema hawajui kitu. Bila kesi, Roosevelt akawafukuza jeshini 167 kwa mkupuo, na tangazo likatoka baada ya uchaguzi wa Novemba kupita. Baadhi yao walikuwa wamepigana Kuba na Ufilipino. Na ule mkutano wa Chicago wa 1912 uliotaja, wenye ahadi za kura kwa wanawake na bima kwa wafanyakazi, uliwafungia mlango wajumbe weusi kutoka majimbo ya kusini. Hao walikuwa raia, wako ndani.

Mleta mada

Dada, umenisahihisha, na naifuta ile "tuvuke bahari" niliyoiegemea. Askari wa Brownsville alitendewa kama mtu wa Batangas: aliamuliwa bila kusikilizwa. Nilichora mstari mahali pasipo pake.

Mchangiaji wa Minneapolis

Asante kaka. Mwaka 1972 jeshi lilibatilisha ile adhabu. Karibu wote walikuwa wamekufa. Dorsie Willis alikuwa hai bado, mzee wa miaka zaidi ya 80, akiishi mji huu huu ninaoandikia. Alikuwa ameishi kwa kung'arisha viatu katika duka la kinyozi la katikati ya mji kwa miaka mingi, jina lake likiwa limechafuliwa tangu ujana. Serikali ikampa dola 25,000. Kila nikipita mitaa ile na baridi yake namfikiria ameinama na brashi, mtu aliyefukuzwa na rais wa mageuzi.