Naomba ushauri: wanafunzi wanaogopa picha isiyofanana na kitu

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchoraji wa picha dhahania, na pia nafundisha sanaa katika shule za mjini. Nikiwapa watoto rangi bila kitu cha kuiga, wanaganda. Juzi binti mmoja alipaka bluu juu ya njano ambayo haijakauka, ikatoka kijani cha ajabu, kisha akaharakisha kuchora paa na mlango ili iwe nyumba. Iliniuma sana.

Wachoraji Kandinsky na Klee walipofundisha Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, miaka ya 1920 waliwapitisha wanafunzi kwenye nukta, mstari na rangi. Nami nimejaribu, lakini bado naulizwa, "Mwalimu, hii ni nini?"

Mliowahi kufundisha, somo la kwanza mnalianzaje? Na maksi mnatoaje bila kuwavunja moyo? Shule zinazidai kila muhula.